UZI: Bert Kaempfert, Mjerumani aliyewapa dunia nyimbo huku jina lake likibaki nyuma ya santuri

Mwana wa Chumbageni:

Wakuu, salaam. Uzi huu nimekaa nao moyoni miaka mingi, leo nautoa.

Mzee wangu alikuwa karani bandarini Tanga. Sebuleni tulikuwa na gramafoni ya mbao, ya miguu minne, na sisi watoto ilikuwa marufuku kuigusa. Jumapili baada ya chakula mzee anatoa santuri kwenye gamba lake, anaifuta kwa kitambaa cha flana, anaipuliza, kisha anashusha sindano polepole kama anamlaza mtoto mchanga. Kulikuwa na moja yenye karatasi ya rangi ya chungwa katikati. Ndani yake hakuna mwimbaji. Chini kuna besi kavu, fupifupi, kama mtu anapasua karanga kwa vidole. Juu yake filimbi zinacheza, halafu tarumbeta inakuja bila haraka. Mama alikuwa anaacha vyombo jikoni anakuja kusimama mlangoni mpaka iishe.

Nilikua nikiamini ile ni bendi ya Afrika Kusini. Mzee alipofariki tukagawana vitu, ile santuri ikaja kwangu, ndipo nikaisoma vizuri kwa mara ya kwanza. Bert Kaempfert. Mjerumani wa Hamburg. Na juu ya gamba, katikati ya maneno ya kigeni, neno letu wenyewe: Safari.

Tangu siku hiyo namfuatilia. Nitaweka kwa vipande, naomba uvumilivu.

Kiti cha Mbele:

Nimeshakaa. Tiririka mkuu.

Mwana wa Chumbageni:

Kipande cha kwanza.

Alizaliwa tarehe 16 Oktoba 1923, Hamburg, mtaa wa Barmbek, mtaa wa wafanyakazi. Jina kamili Berthold Heinrich Kämpfert. Akiwa na miaka 6 aligongwa na gari. Fidia iliyolipwa, mama yake akanunulia piano. Nikifika hapa huwa nasimama kidogo. Familia ya mtaa ule, pesa imekuja kwa sababu mtoto ameumia, ilikuwa na mashimo mangapi ya kuziba? Yule mama akaenda kununua kinanda.

Hakuishia kwenye piano. Alijifunza klarineti, saksofoni na kodiani, akasoma shule ya muziki palepale Hamburg, na akiwa bado kijana mdogo akachukuliwa kwenye orkestra ya Hans Busch. Vita ikaja, akapelekwa jeshi la majini, upande wa bendi. Vita ilipoisha alikuwa mfungwa nchini Denmark, na huko kifungoni akakusanya wenzake wakaunda bendi. Aliporudi Hamburg mji ulikuwa kifusi kutokana na mabomu. Walioutawala upande ule walikuwa Waingereza, na askari wao walitaka muziki wa kuchezea. Kaempfert akawapigia. Nadhani hapa ndipo sikio lake lilipofunguka: kijana wa Kijerumani anajifunza usiku hadi usiku swingi ya Kimarekani mbele ya watu ambao mwaka mmoja nyuma walikuwa adui.

Miaka ya hamsini akaingia kampuni ya rekodi ya Polydor, na huko akajikita kwenye kile kinachoitwa «muziki mwepesi». Kazi yake ilikuwa kupanga muziki na kuzalisha rekodi za wengine. Mwaka 1959 alishiriki kwenye rekodi mbili zilizotamba: ya Freddy Quinn kuhusu gitaa na bahari, na «Morgen» ya Ivo Robić, mwimbaji kutoka Yugoslavia. Hiyo «Morgen» iliimbwa kwa Kijerumani na bado ikaingia kwenye chati za Marekani, jambo lililokuwa adimu sana.

Upepo wa Kusi:

Mkuu samahani nakukatisha. Huo «muziki mwepesi» ni upi hasa? Maana kwangu huo ni muziki wa lifti na wa kusubirisha watu kwenye simu.

Mwana wa Chumbageni:

Swali zuri. Ni muziki wa orkestra usio wa kukaa kimya ukumbini na kukunja mikono, na pia si jazi ya kuonyeshana ufundi. Ni wa kula nao, kuzungumza nao, kucheza taratibu nao. Wajerumani wa enzi zile waliupenda kupita kiasi. James Last wa Bremen alitoka kwenye ukoo huohuo, na yeye alivuma zaidi kwa santuri za sherehe.

Kuhusu lifti, ndugu yangu, lawama hiyo ni ya zamani na naijua. Lakini jaribu kuketi na watu 30 wenye ala, uwaambie wapige wote, na bado mtu aliye mezani asikie anachoambiwa na jirani yake. Kila ala ipate nafasi, hakuna anayemkanyaga mwenzake. Mimi naona ni kazi ngumu kuliko kupiga kelele, na Kaempfert aliijua kuliko wote niliowahi kuwasikia.

Mwana wa Chumbageni:

Kipande cha pili: «Wonderland by Night».

Wengi wanasema ni utunzi wake. Hapana. Mtunzi ni Klaus-Günter Neumann, Mjerumani mwenzake. Kaempfert aliupanga na kuurekodi, na tarumbeta akampa Charly Tabor. Ukiusikiliza utaona Tabor anavuta noti kama mtu anayetembea peke yake usiku mjini, hana pa kuwahi. Kampuni nyumbani Ujerumani hawakuona kitu. Kaempfert akaupeleka New York kwa Milt Gabler, mzalishaji wa kampuni ya rekodi ya Decca.

Gabler huyo hakuwa mtu mdogo. Ndiye aliyemrekodi Billie Holiday mwaka 1939 ule wimbo wa kuhuzunisha juu ya watu weusi walionyongwa kwenye miti kusini mwa Marekani, wakati kampuni kubwa iliogopa kuugusa. Sasa mtu mwenye sikio la namna hiyo akasikia tarumbeta ya Hamburg na akasema twende nayo. Januari 1961 rekodi ikawa namba moja Marekani, wiki 3. Orkestra ya Kijerumani, bila neno hata moja, miaka 16 tu baada ya vita.

BesiKavu:

Mkuu mimi ni mpiga besi, na ile karanga uliyosema pale juu imenikaa kichwani. Nimeenda kusikiliza sasa hivi. Ile besi inapigwaje? Si vidole vile.

Mwana wa Chumbageni:

Nilikuwa nakusubiri mtu wa ala. Aliyeipiga ni Ladi Geisler, mzaliwa wa Prague, mpiga gitaa. Wajerumani waliiita «Knackbass», na hilo neno lao linabeba ule mlio wa kitu kikavu kinachokatika. Gitaa la besi la umeme linapigwa kwa kipini, kile kibapa kidogo cha kukwangulia nyuzi, noti inazimwa mara tu inapozaliwa. Haiachwi ivume. Pembeni yake wanaweka besi kubwa ya kusimama inapiga noti zilezile, ile ndiyo inayotoa mwili, ya Geisler inatoa mfupa. Ukisikia rekodi ya Kaempfert hata kwenye redio mbovu ya betri, vayolini zinaweza kupotea, ile besi haipotei. Ndiyo saini yake.

BesiKavu:

Dah. Kumbe zipo mbili. Nimeelewa.

Mwana wa Chumbageni:

Kipande cha tatu nakipitisha haraka kwa sababu kinajulikana. Juni 1961 Kaempfert aliwarekodi vijana wa Liverpool waliokuwa wanapiga kwenye vilabu vya Hamburg, wakimsindikiza mwimbaji Tony Sheridan. Walirekodia Friedrich-Ebert-Halle, ukumbi wa shule kule Harburg. Vijana hao walikuwa The Beatles, ila kwenye santuri ya «My Bonnie» wakaandikwa The Beat Brothers. Kaempfert alikuwa na mkataba nao. Brian Epstein, meneja wao mpya, alipokuja mwaka 1962 kuomba awaachie, akawaachia.

Watu humcheka kwamba aliachia dhahabu. Mimi sioni hivyo. Muziki wake na wao ulikuwa wa njia mbili tofauti, na alikuwa na nguvu ya kisheria ya kuwasumbua. Hakuwasumbua.

Bibi wa Ngamiani:

Mwanangu, nasoma kimya tangu jana. Mimi nataka useme ule wimbo wa Sinatra. Tulichezea sana enzi zetu, mimi na marehemu mume wangu. Bendi ikifika saa 5 usiku lazima waupige.

Mwana wa Chumbageni:

Shikamoo mama. Nakuja huko huko.

«Strangers in the Night» mwanzoni haukuwa wimbo. Kaempfert alitunga muziki wa filamu moja ya Marekani iliyotoka mwaka 1966, «A Man Could Get Killed», na ndani yake mlikuwa na kipande kilichoitwa «Beddy Bye». Maneno yaliwekwa baadaye na Charles Singleton na Eddie Snyder. Waimbaji wengine walishaugusa, Jack Jones mmojawapo, kwa hiyo upande wa Frank Sinatra, yule mwimbaji wa Marekani, ikawa mbio. Aliurekodi tarehe 11 Aprili 1966. Mwenyewe hakuupenda, na hakuficha. Ule mwisho wa «dubi dubi du» unaokumbuka, mama, anauchezea tu mdomoni muziki ukiwa unafifia. Ukawa namba moja Marekani na Uingereza. Kaempfert akapata tuzo ya Golden Globe kwa wimbo bora, na rekodi yenyewe ikazoa tuzo za Grammy mwaka uliofuata.

Baadaye walijitokeza watu kudai kwamba mahadhi yale ni yao. Kesi ya mtunzi mmoja wa Ufaransa ilifika mahakamani na ikakataliwa.

Sasa mama, tazama na hizi. «Spanish Eyes» aliyoiimba Al Martino: ilianza kama muziki mtupu uitwao «Moon Over Naples», mwaka 1965. «Danke Schoen» ya Wayne Newton, 1963. «L-O-V-E» ya Nat King Cole, maneno ya Milt Gabler yuleyule. Cole aliurekodi mwaka 1964, akaimba pia kwa lugha nyingine kadhaa, na Februari 1965 saratani ya mapafu ikamchukua. «Wooden Heart» ya Elvis, kwenye filamu ya mwaka 1960, ni wimbo wa kale wa Wajerumani wa kusini ambao Kaempfert na wenzake waliupanga upya. Sinatra, Cole, Presley. Watatu hawa wote wamepita mkono wa mtu mmoja wa Barmbek, na ukimuuliza mtu barabarani anakutajia hao watatu.

Bibi wa Ngamiani:

Marahaba mwanangu. Hiyo ya macho ya Kihispania nilikuwa nadhani ni ya Wahispania kweli. Mungu akubariki.

Upepo wa Kusi:

Mkuu umezunguka kote ila kile ulichoanza nacho hujakimaliza. Ile santuri ya safari. Mzungu anachukua filimbi za Waafrika, anaandika neno la Kiswahili juu, anauza. Tukubali tu kwamba ni wizi.

Mwana wa Chumbageni:

Hiki ndicho kipande nilichokuja kukiandika. Vingine vyote vilikuwa njia ya kufika hapa.

Albamu inaitwa «A Swingin' Safari», ya mwaka 1962. Jina limetumia neno letu, lakini muziki si wa pwani yetu, tusijitwalie. Ni kwela. Kwela ilizaliwa mitaani Johannesburg, vijana wadogo wenye filimbi ya bati yenye matundu sita wakipiga kwenye kona za barabara ili wapite-njia watupe senti. Neno lenyewe kwa Kizulu ni khwela, kupanda. Ndiyo kwea yetu hiyohiyo, tulitengana na wenzetu karne nyingi lakini neno tumelibeba wote. Na magari ya polisi ya kukamata watu yaliitwa kwela-kwela, kwa sababu ukikamatwa unaambiwa panda. Spokes Mashiyane alikuwa mfalme wa filimbi ile. Mwaka 1958 kibao cha «Tom Hark» cha kundi la Elias Lerole kilifika namba mbili Uingereza, hivyo Ulaya ilishaionja kwela kabla ya Kaempfert. Na kuna jambo lililonishangaza: baadhi ya filimbi zile za bati zilitengenezwa Ujerumani, na kampuni ya Hohner, ile ya vinanda vya mdomo. Zilivuka bahari zikiwa bati tupu, zikarudi Ulaya zikiwa na sauti ya vijana wa Johannesburg ndani yake.

Sasa wizi. Nimegeuza ile santuri upande wa kwanza na wa pili, wimbo mmoja mmoja. Jibu langu halitakufurahisha wewe wala anayemtetea kabisa.

Wimbo wa jina la albamu na «Afrikaan Beat» ni tungo zake mwenyewe kwa mtindo wa kwela. Kutunga kwa mtindo uliousikia si wizi, wanamuziki wote wa dunia wanaishi hivyo. Na sisi dansi letu limekula rumba ya Kuba likashiba.

«That Happy Feeling» ni ya Guy Warren, mpiga ngoma wa Accra aliyekwenda Marekani na mwaka 1956 akatoa albamu yake Decca. Baadaye alijiita Ghanaba. Wimbo ule kwake uliitwa «Eyi Wala Dong», ni shukrani kwa Mungu. Mikononi mwa Kaempfert umekuwa muziki wa kutabasamu, na mtunzi ni Warren, hilo halijafichwa. Lakini nikisikiliza ule wa Warren kisha huu, naona kuna kitu kizito kilichoachwa njiani. Dua imekuwa matembezi.

«Skokiaan» ni ya August Musarurwa, wa Rhodesia ya Kusini, Zimbabwe ya leo, aliyeurekodi na bendi yake miaka ya arobaini. Ulipofika Marekani mwaka 1954 kila mtu aliugombea, hata Louis Armstrong.

Halafu kuna «Wimoweh». Hapa ndipo moyo unauma. Solomon Linda aliuimba Johannesburg mwaka 1939, «Mbube», yaani simba. Wamarekani walisikia vibaya maneno «uyimbube» wakaandika «wimoweh». Linda aliuza haki zake kwa shilingi 10. Alifariki mwaka 1962, mwaka uleule albamu hii inatoka, akiwa maskini. Watoto wake walikuja kupata makubaliano ya malipo mwaka 2006 tu, baada ya kesi. Kaempfert hakumnyang'anya Linda, kazi hiyo ilishafanywa na wengine kabla yake. Alichukua wimbo kama ulivyokuwa sokoni. Lakini mzee wangu alikuwa anapangusa santuri ile kwa flana kila Jumapili, na ndani yake kuna jasho la mtu aliyelipwa shilingi 10. Siwezi kulisikia tena bila kulijua hilo, na sitaki.

Kwa hiyo Upepo, mimi nasema hivi: soko lile lilikuwa la dhuluma, na yeye alinunua sokoni. Ila ukisikiliza namna alivyozipanga zile filimbi, hakuwadhihaki wale vijana. Aliwasikiliza. Hakuweka mngurumo wa simba wala ngoma za porini za kwenye sinema. Aliweka furaha ya kona ya barabara, kama ilivyokuwa. Wazungu wengi wa mwaka 1962 hawakuwa na sikio hilo.

Upepo wa Kusi:

Nimekusoma mkuu. Hapo kwa Linda tuko pamoja. Hapo kwenye kusikiliza bado nitakubishia, lakini ngoja kwanza nimsikie Guy Warren mwenyewe, sikuwa namjua kabisa.

Kiti cha Mbele:

Hii kwea na kwela imenigonga. Mwisho wake ukoje huyu mzee?

Mwana wa Chumbageni:

Hakuwa mtu wa jukwaa. Zaidi ya miaka kumi dunia ilimjua kwa santuri tu. Mwaka 1974 ndipo alipopanda Royal Albert Hall, London, na orkestra nzima, na watu wakagundua ile sauti inawezekana hata nje ya studio. Mshirika wake mkubwa wa utunzi, Herbert Rehbein, mpiga vayolini, alifariki mwaka 1979. Mwaka uliofuata Kaempfert alizunguka Uingereza kwa maonyesho, akaenda kupumzika kisiwa cha Mallorca, na tarehe 21 Juni 1980 akafa kwa kiharusi. Miaka 56. Kule Barmbek sasa kuna kiwanja chenye jina lake.

Nimemaliza niliyonayo. Atakayetaka kuanza kumsikiliza, aanze na «Wonderland by Night» usiku taa zikiwa zimezimwa, kisha «Afrikaan Beat» asubuhi.

BesiKavu:

Wakuu narudi na mrejesho. Jana mazoezini nimekata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, nikakichomeka chini ya nyuzi karibu kabisa na daraja, nikachukua kipini kigumu badala ya vidole. Mara ya kwanza ilitoka imekufa, kama unapiga godoro. Nikasogeza sponji nyuma nusu kidole, nikapandisha sauti za juu kidogo kwenye spika, nikapiga karibu na daraja. Ikatoka! Tk, tk, tk. Mpiga dramu akaacha fimbo akaniuliza hiyo ni besi au nimeweka kitu kingine. Mzee wetu wa tarumbeta, ambaye huwa hasemi, akadaka «Afrikaan Beat» yote kichwani, kumbe aliipiga ujanani.

Jumamosi tuna harusi Pongwe. Tutaipiga wageni wakiwa bado wanakula.